Mgogo Ameachia Msafara

Alhamisi jioni

Ametia saini! Mkuu wa shule ametia saini, na mpaka sasa siamini.

Mara mbili aliikataa safari hii. Kidato cha sita wamebakiwa na Jumamosi moja tu kabla ya mitihani. Njia ya misafara ya kale ya pembe za ndovu wanaichora kwa mshale kwenye ramani kila mwaka, ipo hapa hapa Tabora, na hawajawahi kuikanyaga. Nataka waitembee kwa miguu, kutoka Kwihara hadi mjini.

"Mwalimu, wakichoka nani atawabeba?" aliniuliza tena leo.

Nikachoka kubembeleza. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi; utani tunao tangu enzi za mababu. "Mkuu," nikamwambia, "babu zenu walizuia misafara yetu kule Ugogo wakidai ushuru. Na wewe umemfuata Mnyamwezi mpaka kwao kuja kumzuia?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Katibu muhtasi akachungulia mlangoni, akidhani kuna jambo.

Halafu akachukua kalamu, akasaini, na chini ya majina ya wanafunzi akaongeza la kwake. "Nakuja. Ila begi langu utabeba wewe, mtani. Kichwani, kama babu zako."

Nikamjibu hilo dogo, kubeba ni asili yetu.

Sasa nimekaa naviangalia viatu vyangu. Sikumwambia kwamba mimi, mjukuu wa wapagazi, hata sokoni naenda kwa bodaboda.