Matone Sitini na Mawili kwa Dakika

Mpendwa mshauri, kwa unyenyekevu naomba msaada wako, na uniwie radhi kuchukua nafasi ya wasomaji wengine kwa jambo ambalo mtu wa umri wangu alipaswa kulimaliza mwenyewe, ila nimejaribu kwa majuma matatu na nimeshindwa. Mimi ni mgane wa miaka sabini na minne hapa Rumonge, nilisomeshwa na mapadri, nikafundisha hesabu ukimbizini Kigoma na baadaye Kizuka hadi nilipostaafu.

Mke wangu Agata alilazwa katika kituo cha afya kwa homa na kutapika, naye alikuwa na moyo dhaifu tangu zamani, na mimi ndiye niliyekuwa mrwaza wake, yaani ndugu anayekaa na mgonjwa, kumlisha, na kumwita muuguzi chupa ya serumu, yale maji ya mshipani, inapokaribia kwisha. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi muuguzi Eliana alitundika chupa ya mililita mia tano, akaitazama saa yake, akaweka matone ishirini na moja kwa dakika, akaniambia itakwisha saa nane mchana. Lakini padri alikuwa ameahidi kuleta Komunyo saa nne, na Agata alitamani kuipokea ameketi, mkono wake ukiwa huru.

Saa mbili Eliana aliitwa kwa mama aliyekuwa akijifungua. Ramazani, mchuuzi wa mawese aliyekuwa akimuuguza kaka yake kitanda cha jirani, akanicheka: "Mwalimu, hii serumu iko inatembea kama konokono! Padri atafika, mama angali amefungwa kamba kama mbuzi." Kisha akatoka kutafuta uji. Nami, Mungu anisamehe, nikatoa kalamu. Zilibaki mililita mia tatu sabini na tano, kila mililita matone ishirini, jumla matone elfu saba na mia tano, nikayagawa kwa dakika mia na ishirini, nikakisogeza kile kigurudumu cha mrija na kuhesabu hadi nikapata sitini na mawili, wala hakuna aliyeniona. Padri alipoingia chupa ilikuwa karibu tupu, na Agata alikuwa akihema kama mtu aliyetoka kukimbia, hakuweza kumeza kitu, akafariki kabla ya adhuhuri.

Eliana amesimamishwa kazi, na Alhamisi ijayo wataamua kama afukuzwe. Aliyemshtaki ni mwanangu Samy, anayeishi Bujumbura. "Papa," aliniambia, "huyu mutoto ameuwa mama, asiguse tena mugonjwa." Eliana alikuja matangani, akapiga magoti mbele yangu: "Mwalimu, nimerudilia ile hesabu siku tatu. Pengine niligawanya vibaya. Ni wewe ulinifundisha kugawanya, niambie nilikosea wapi." Nikamjibu tu kwa salamu yetu ya amani, "Amahoro, binti yangu," nikainamisha kichwa.

Samahani kwa urefu wa barua. Naogopa kumpoteza mwanangu pia. Je, haitoshi nikimwandikia mkuu wa kituo barua isiyo na jina?

Wako kwa heshima,
Mgane, Rumonge

*

Mzee wangu, pole sana kwa kuondokewa na Mama Agata. Pole hiyo inatoka moyoni. Sasa nisikilize.

Nilikuwa muuguzi Nyanza-Lac miaka ishirini. Kugawanya kwako hakuna kosa hata moja. Lakini zile dakika ulizipata wapi? Muuguzi huzipata kwa mgonjwa, anatazama moyo wake unaweza kubeba nini. Wewe ulizichukua kwenye saa ya padri. Maji ya saa sita uliyaingiza kwa saa mbili katika moyo uliochoka, na maji ya namna hiyo huweza kujaa mapafuni. Kama ndiyo yaliyomwondoa, daktari ndiye wa kusema. Mimi sikuwepo, na sitakufariji kwa uongo. Na padri angemkomunisha amelala, mrija ukiwa mkononi. Ungemuuliza tu.

Barua isiyo na jina? Hapana, Mwalimu! Mkuu atadhani imeandikwa na jamaa za Eliana, na binti atazidi kuchafuka.

Leo hii nenda kwa Eliana, kabla ya Samy, kabla ya padri. Mwambie matone ishirini na moja yalikuwa sahihi, na kwamba ni mkono wako uliosogeza kigurudumu. Kisha mwite Samy aje kutoka Bujumbura, umweleze uso kwa uso, si kwa simu. Atakasirika, pengine muda mrefu. Mvumilie, ni mtoto aliyefiwa. Alhamisi uwe mlangoni pa kituo mapema, useme mwenyewe na utie sahihi, hata Samy akikataa kukusindikiza.

Na ninyi warwaza wengine mnaosoma hapa, serumu ikionekana inachelewa, mwiteni muuguzi. Kigurudumu msikiguse.

Neno la mwisho, Mzee. Ukifika kwa Eliana, usimwombe msamaha siku hiyo hiyo. Mwambie ukweli, kisha uondoke, umwache kwanza akukasirikie. Majuma matatu amekuwa akijikasirikia yeye.

Mama Salima