Paipu Chini ya Ua wa Kayaba

Jumatatu, 16 Januari 1989
Mzee Opiyo ameamua. Arusi ya binti yake Seline haitakuwa hotelini, itakuwa hapa kwake Milimani, juu ya nyasi, Jumamosi tarehe nne Februari. Anataka nyasi kijani, na bustani yake ni kazi yangu. Siku kumi na tisa! Na jua limeshaanza kuchoma. Springla za kunyunyizia nyasi maji zimelala tangu mvua za mwaka jana. Nimefungua vichwa vyote vinane — matope, kutu, kimoja kimejaa sisimizi. Nimevisugua kwa mswaki mkuukuu, nikazibua vitundu kwa sindano.

Jumanne, 17 Januari
Nimefungua maji. Vichwa vinne vya karibu na tangi vinazunguka vizuri. Vinne vya chini vinadondosha tu, kama pua ya mtu mwenye mafua. Paipu haijapasuka, hakuna mahali palipolowa. Nikafunga kila kitu, nikapima tangi kwa ufito. Kufika saa sita limeshuka shubiri mbili. Maji yanaenda wapi?

Jumatano, 18 Januari
Nimechimba kufuata paipu. Kwenye ua wa kayaba, ile miti ya miiba mpakani, nikakuta kiungo nisichokijua, kimefungwa kwa tyubu ya baiskeli. Paipu nyembamba inatoka hapo, inapita chini ya ua kwenda Nyalenda, mtaa wa mabanda ulio nyuma yetu. Nikarudisha udongo haraka, nikaangalia nyuma kama mwizi. Kwa nini? Mimi sikuiba kitu.

Alhamisi, 19 Januari
Nimezunguka hadi upande wa pili. Bomba limesimama uani kwa mama mmoja, Aoko. Mitungi foleni. Alinijua kwa gambuti zangu. Hakukana. Anasema aliyeliweka ni marehemu Nicodemus, aliyefanya kazi hii kabla yangu. Wiki ileile Aoko alikuwa amezika mtoto wa pili — kuhara, maji ya mtaro. Nyumba kumi na moja zinachota. Hauzi.
Nilitaka anibembeleze, nipate kukataa. Alisema tu, "Baba, ukitaka kukata, utuambie siku. Tujaze kwanza."

Jumamosi, 21 Januari
Nimeweka koki kwenye ile paipu nyembamba. Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili naifunga, springla zifanye kazi. Halafu nafungulia Nyalenda. Aoko amekubali. Vichwa vyote vinane vinazunguka! Mzee akauliza shida ilikuwa nini. Nikasema uchafu. Miaka minne sijawahi kumdanganya.

Alhamisi, 26 Januari
Nyasi zinarudi. Lakini leo nimemkuta Mzee amepanda ngazi, anachungulia ndani ya tangi. Akaniuliza, mbona maji hayafiki hata ya kuoga jioni? Kesho analeta fundi, Walubengo.

Ijumaa, 27 Januari
Walubengo ni mtu wa kwetu Bungoma. Kufika saa nne alikuwa ameshachimba hadi kwenye kayaba. Akatazama koki mpya, akanitazama mimi. Nikamwomba kwa Kibukusu anyamaze. Akasema ana watoto, na ameitwa kutafuta maji. Akaenda kumwita Mzee.
Mzee akaja na slipa. Akatazama shimo. Nilikuwa nimetayarisha jina la Nicodemus — amekufa, halitamdhuru. Halikutoka. Nikasema koki ni yangu. Nikamweleza habari za Aoko na za mtoto.
"Wepukhulu," akasema polepole, "hao watu hawakuja kuniomba."
"Wangeomba ungewapa, Mzee?"
Akaniambia niing'oe paipu mimi mwenyewe. Akirudi kutoka mjini saa kumi akute shimo limefunikwa, ama nipange vitu vyangu.

Sasa ni saa kumi kasorobo. Nimekaa kando ya shimo na daftari hili, spana magotini. Niliwaambia wajaze. Mitungi imejaa, sasa wanaleta sufuria, beseni, hata karai la kuchanganyia saruji. Aoko ameuliza kupitia kayaba kama nakata sasa.
Honi ya Mzee getini. Mimi ndiye wa kufungua. Honi tena. Koki bado iko wazi, nasikia maji yakipita —