Kiti cha Dereva

Kwa kaka yangu Dishon,

Sisi huku Kisumu ni wazima, na mvua imepungua. Mama anakusalimu. Muhula huu nimekuwa wa tatu katika Fizikia.

Ulisema Peugeot ya Baba iuzwe, na mnunuzi wa Milimani anaitaka ikiwa na vifaa vya kiwandani pekee. Vimepatikana. Fundi Njenga alirudisha usukani wa kwanza na taa za zamani, kisha akatia springi za kiwandani kwenye kiti cha dereva, kwa sababu kilikuwa kimebonyea upande wa mlango, pale Baba alipoegemea miaka ishirini.

Asubuhi iliyofuata kiti kilikuwa kimebonyea tena, upande uleule. Nilipima kwa rula: sentimita nne. Njenga akabadilisha springi, na kesho yake zikawa nne tena.

"Lorine, mimi hii gari sigusi tena," aliniambia. "Mwenyewe bado ako ndani."

Mama hakushangaa. Alisema, "Anamngoja Dishon. Waliachana vibaya."

Sijui wewe na Baba mlisemezana nini kabla hajafa, na sikuulizi. Hukuja mazishini, lakini mimi sijakukasirikia. Mnunuzi anakuja Jumamosi. Tafadhali njoo Ijumaa, ukae kwenye kiti hicho hata dakika chache, uongee na Baba. Nitakufungulia mlango wa gari, halafu nitarudi jikoni kwa Mama. Rula sitaileta.

Dada yako anayekutazamia,
Lorine