Bustani Yetu ya Rugenge, kwa Mwandiko Wangu

Jumapili, 4/6/2023
Baada ya misa Emery alinisimamisha mlangoni. Iko na wazo: historia ya bustani yetu iandikwe, watoto wasije wakafikiri ilijiotea. “Yaya Célestine, dada yangu mkubwa, weye ndiye mwalimu. Mwandiko wangu hata minye mwenyewe siusomi.” Tumecheka. Nimekubali. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha!

Jumatano, 7/6
Kurasa tatu tayari, kwenye kaye mpya, daftari la historia tu. Mafuriko ya 2020, matope mpaka kiunoni, kisha mawe, kisha takataka za kartie nzima, mtaa wetu wa Rugenge. Tulianza watu watatu — minye, Emery, na Mama Olga muuza samaki — na beleshi moja. Miche ya kwanza ilikufa yote. Ya pili mbuzi walikula. Ya tatu tuliizungushia miiba, ikashika. Leo wajawazito wanaotoka kupimwa wanapumzika pale, wanafunzi wanarudia masomo.
Emery aliomba niweke na ya kabla ya maji. Nimeandika: “Hapo mwanzo palikuwa shamba la marehemu Papa Bertrand, baba yake Emery.” Ni kweli. Alilima mboga za lengalenga pale, akatugawia. Udongo wa serikali, lakini nani angemuuliza? Emery alisoma, akaniomba nitie sahihi chini, akaondoka na kaye. Nilidhani ni heshima kwa baba yake.

Jumanne, 13/6
Vigingi! Vinne, vya rangi nyekundu, kwenye pembe za bustani. Mama Olga ndiye alikuja kuniita, anahema. Tumekwenda kwa shefu wa kartie. Anasema parseli, kiwanja kile, iko na mwenyewe, ni urithi, na ushahidi iko — kaye ya mwalimu.
Kaye yangu.
Nimeuliza mara mbili: nani aliileta? Aliangalia chini, akataja jina: Emery.

Jumatano, 14/6
Sikufundisha vizuri. Sikula.

Ijumaa, 16/6
Nimemkuta Emery bustanini, anamwagilia! Bado anamwagilia. Nikamwambia: ulinitumia. Hakukana. Iko na watoto wanne, wamefukuzwa tena kwenye nyumba ya kupanga, anataka kujenga. “Yaya, uliandika kitu cha uongo?” Angeniambia shida yake siku ile kanisani, ningelia naye, tungetafuta njia. Lakini alinichekesha kwanza!

Jumapili, 18/6
Kesho shefu anatusikiliza wote. Mama Olga amekuja na neno lake: niseme nilijitungia, Papa Bertrand hakulima pale kamwe, na bustani itapona. Nimemwambia yule mzee nilimwona kwa macho yangu, mboga zake nimekula. Akasimama. “Basi weye na Emery mgawane.” Ameondoka bila kuaga. Miaka mitatu tumebeba maji pamoja!

Jumatatu, 19/6
Naandika kwenye benchi nje ya biro, ofisi ya kartie. Mama Olga amekaa ng'ambo na wanawake wa bustani. Hawaniangalii. Emery amefika, shati limepigwa pasi. Amekaa upande wenye kivuli, amesogea kunipa nafasi. “Sikuombi useme uongo, Yaya.”
Anajua sitasema uongo. Ndiyo sababu alinichagua.
Nimehamia juani.
Wameita jina langu. Nasema nakuja; nitasema mzee alilima, na nitasema udongo ni wa serikali. Mama Olga amenyanyua macho, ananitazama —