Gari la Wakubwa

Alby, Stockholm

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zangu za mapenzi. Huku tu wazima. Mama yako mdogo amepata kazi Kista, upande wa pili wa jiji, na binti zake bado wananijibu kwa Kiswidi.

Umeniuliza kama lile gari la Kimarekani analotaka kununua mchumba wako lina sifa nzuri. Mwenzio sijui. Nilipokuwa msichana Tanga gari la aina hiyo lilimbeba mkuu wa mkoa, nasi tulisimama wima mpaka lipite. Kiangazi changu cha kwanza hapa, nikisomea uuguzi, niliona jingine likija taratibu, refu vilevile. Nikasimama wima.

Rafiki yangu Mswidi akaniuliza, “Unamsubiri nani?”

“Mkubwa anapita.”

Akacheka. “Mkubwa gani? Hao ni wahuni. Huku watu wa heshima hawapandi magari hayo.”

Ndani walijaa vijana, muziki juu. Dereva aliponiona nimesimama vile, alipunguza muziki, akavua kofia na kuniinamishia kichwa.

“Na huyo naye ni mhuni?” nikamuuliza rafiki yangu.

“Hata mimi sielewi,” akasema.

Nami sijaelewa mpaka leo. Kabla hujamjibu mchumba wako, panda naye kwanza, uone anavyoendesha.

Akuombeaye kila siku,
Bibi yako Rehema