Mume Wangu Amepunguza Moto wa Mashine ili Mama Yake Afurahi

Mama Harieth, shikamoo. Naomba unisikilize hata kama maneno yangu hayajapangika, shule niliishia la saba na kuandika kirefu sijazoea, ila jambo hili limenikaa kifuani, na nikimwambia jirani hapa Bariadi litafika kwa wenyewe kabla sijalimaliza.

Nina mume anaitwa Mabula, nampenda na yeye ananipenda, hapo hakuna shida. Sote tunafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha unga wa lishe, wa mahindi, mtama na soya, mimi nachanganya unga na kuunyunyizia maji, yeye anaendesha mashine. Hiyo mashine, mama, ina skrubu mbili ndefu zimelala pamoja ndani ya bomba la chuma lenye moto, zinazunguka zikiukanda unga na kuubana mpaka unaiva humo humo, halafu unatokea kwenye tundu la mbele umevimba kama bisi, tunaukausha, tunausaga, ukifika nyumbani unauchemsha kidogo tu mtoto anakunywa.

Sasa mtoto wetu Salu ameanza uji, ana meno mawili na anacheka na kila mtu hata mbuzi, na mama mkwe wangu akaja kutoka Migato kumwona, sisi tunamwita mayu. Mayu kwake uji wa mtoto lazima bibi aupime kwanza, anachota kijiko anakigeuza, uji ukianguka haraka basi huo siyo uji. Wetu ulianguka. Akaniangalia akasema, "Nyamizi, mjukuu wangu unamnywesha maji ya kuoshea sufuria?" Nikamwambia, "Hapana mayu, ndivyo ulivyo, umeshaivia kwenye mashine." Akasema, "Hiyo mashine imelea watoto wangapi?" Mabula alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nilicheka, kwa kweli mayu ana mdomo mtamu, lakini chakula hakukimaliza, akawa anamwangalia Salu kama mtu anayeaga.

Mabula hilo lilimuuma. Tulipoingia kazini, bila kumuuliza msimamizi wetu dada Anyes, akapunguza moto, akazipunguza skrubu mwendo, akaniambia, "Mke wangu, ongeza maji kidogo." Unga ukatoka bapa, mzito, haukuvimba. Tukaupika nyumbani, uji ukasimama kwenye kijiko! Mayu akapiga vigelegele, akamshika Mabula masikio yote mawili kama mtoto mdogo, akasema, "Leo mwanangu umepika." Mama, ungeuona uso wa mume wangu siku ile.

Lakini uji una harufu ya soya mbichi. Na tumbo la Salu linanguruma, anajikunja, anaharisha, nikimwambia Mabula anasema ni meno. Na mashine hajairudisha ilivyokuwa, eti hata wateja wanausifu uzito. Mifuko imejaa stoo inangoja gari la kupeleka kwa akina mama wa Ipililo, na wao wana watoto kama mimi. Nikimwambia dada Anyes mume wangu atafukuzwa, nikimwambia mayu nitaonekana mkamwana mwenye dharau, nikinyamaza nitakula vipi nikiwafikiria watoto hao. Mabula siyo mtu mbaya mama, alitaka tu mama yake awe na amani. Nifanye nini?

Nyamizi, Bariadi

*Majibu ya Mama Harieth*

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyabadili yote, tulia.

Kwanza mtoto. Huo unga usimguse tena. Mnyonyeshe mara nyingi, mpeleke kliniki leo, na kama ni meno, aseme nesi. Mabula ni fundi wa mashine, wa meno hatukumwajiri.

Pili, nilimpigia simu ndugu Evaristo, aliyefundisha usindikaji wa vyakula miaka mingi, nikamsomea ulivyoeleza. Alisema hivi: mtama na mahindi vikiwa na maji mengi, moto mdogo na skrubu za taratibu, haviivi sawasawa. Ukienda kuupika nyumbani, unga huo unafyonza maji na kuvimba sufuriani, ndiyo maana uji unasimama. Soya nayo inabaki mbichi, inasumbua tumbo, na mwili wa mtoto haupati faida yake. Akaniambia pia nikuonye: mkishtuka mkapandisha moto kupita kiasi na kubana maji, unga utaungua na vitamini zitapotea. Vipimo vya kwanza viliwekwa kwa sababu.

Kwa hiyo uzito aliousifu mayu ni maji yaliyoshikwa na unga ambao haujaiva. Kijiko kinapima ugumu, hakipimi chakula.

Lakini usikimbilie kumcheka mama mkwe wako! Hakukosea kuogopa. Uji mwepesi wenye unga kiduchu ni njaa kweli, na yeye amelea. Wewe ndiye uliyekosea jikoni: ulipika unga ulioiva kwa kipimo cha unga wa kawaida. Unga uliopikwa vizuri na mashine unataka uongezwe. Chukua sufuria ileile, maji yaleyale, mpe mayu mwiko na bakuli la unga wa zamani, ule uliotoka kabla Mabula hajapunguza moto, mwambie, "Mayu, ongeza mwenyewe mpaka uridhike." Ataongeza, na ataongeza tena, mpaka usimame. Hapo kikombe kimoja cha Salu kitakuwa na chakula mara mbili, na aliyekipika ni bibi yake. Hapo dharau iko wapi?

Tatu, mumeo. Nyamizi, umeniandikia kwa mapenzi mpaka nimempenda na mimi, lakini sitamsifu. Mabula anamfurahisha mama yake kwa matumbo ya watoto wa watu. Na maji yale nani anayanyunyizia? Mkono wako. Acha kuandika kana kwamba ulikuwa umesimama mlangoni.

Usiende kwa Anyes nyuma ya mgongo wa mumeo. Mwambie Mabula aende mwenyewe, aseme alichobadili, moto, mwendo na maji, na mifuko ipi ilitoka hivyo. Wewe simama naye, kwa sababu ulishiriki. Mifuko izuiwe stoo, iliyokwisha kuuzwa ifuatwe, wataalamu waamue kama unga unaweza kurudishwa mashineni au la. Anyes atakasirika, ana haki. Anaweza hata kumsimamisha. Lakini fundi aliyesema mwenyewe bado mtu atamkabidhi mashine kesho; aliyefichuliwa na mtoto mgonjwa wa Ipililo, nani atampa hata pampu ya baiskeli?

Akikwambia "ngoja kwanza", usingoje. Mwambie kwa upole huo huo ulioniandikia: "Baba Salu, nakupenda, na nisipokuona ofisini naingia mimi."

Majibu haya nimekutumia kwenye simu, sikusubiri gazeti litoke, maana gari halinisubiri mimi. Mfunge Salu mgongoni, mshike mumeo mkono, nendeni sasa hivi kabla stoo haijafunguliwa.