Kanga Wawili Majanini

Jumapili, 2 Julai 1961

Tumeshinda, moja kwa sifuri. Nimezuia mipira saba, mmoja kwa pua. Pua imevimba, lakini sifa imevimba zaidi. Kikula nzima inajua: gardien wa goli kama minye, Kyungu, hajazaliwa, na mama yake hajaolewa bado.

Nimerudi nyumbani, nimefua sweta, nimeianika. Kila Jumapili hivyo. Sweta ya kijani ya Kabwe. Mikono mirefu, inafika mpaka kwenye vidole.

Siri ya daftari hili tu: minye si gardien. Minye ni wa mbele. Mungu alipotengeneza mguu wangu wa kushoto alikuwa amekula vizuri. Ila wa mbele wanavaa mikono mifupi. Gardien peke yake njo anaruhusiwa sweta. Basi nimesimama golini mwaka na nusu, kama mlinzi wa duka la Mgiriki.

Jumatano, 5 Julai

Baiskeli nne leo. Moja ilikuja bila breki, bila kengele, mwenyewe bila meno. Nimeitengeneza. Mwenyewe sikuweza.

Paskali, kapteni wetu, amekuja kukaa juu ya sanduku langu la spana. Wa mbele wetu amekimbilia kijijini kwao. Tarehe 20 Agosti tunaenda kucheza na timu ya Shituru, kwao, mbele ya watu wa kampani wote. Maillot mpya zimefika. Za njano. Mikono mifupi.

"Utacheza mbele," amesema.

Nimekataa. Ameniita muoga. Nimemtupia kitambaa chenye grisi usoni. Amecheka, ameondoka nacho.

Sasa niandike bila kuzunguka. Mkono wangu wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka kifundo, ni mistari. Niliifanya mwenyewe. Si mbwa, si ukuta wa chupa, si cheni ya baiskeli, ingawa kila muntu nimempa uongo wake. Nilianza katika mvua za 1959. Niliacha Pasaka ya mwaka huu. Sijui kama nimeacha au nimepumzika.

Alhamisi, 6 Julai

Sababu. Nilikuwa shuleni Mulungwishi waliponiita. Kabwe, pasa wangu, pacha niliyezaliwa naye siku moja, homa ilikuwa imempanda kichwani. Nilifika ameshafungwa shuka.

Na pasa haliliwi. Desturi. Ukimlilia, yule aliyebaki anamfuata. Kwa hiyo watu walicheza. Waliimba zile nyimbo za matusi za mapasa, bibi zetu wakatikisa viuno. Baba alinishika shingo akaniambia sikioni: hata tone moja, Kyungu. Hata moja.

Sikutoa tone. Shuleni sikurudi. Nilitoa mahali pengine.

Ndiyo hivyo. Nimeandika, mbingu haijaanguka.

Ijumaa, 14 Julai

Siku mbaya.

Sikukuu ya nchi yao mpya, hili jimbo walilojitenga nalo mwaka jana, imepita siku tatu, bendera bado ziko juu, na askari bado wamelewa. Nilikuwa napeleka baiskeli ya mteja Shituru. Pale barrière, kizuizi chao cha barabarani, kabla ya reli, walinisimamisha. Askari mmoja mrefu, meno ya mbele yameachana, akanivuta mkono nitoe karatasi. Sweta ikapanda.

Huko kaskazini wanapigana. Wanasema vijana wa porini wanachanjwa dawa mikononi, ili risasi igeuke maji. Askari aliona mistari. Akarudi nyuma hatua mbili. Bunduki mbele.

"Ile ni dawa! Weye ni wa bale ba porini!"

Niliogopa. Na bado, mbele ya bunduki, niliona haya zaidi ya woga. Nikasema ni cheni ya baiskeli. Akauliza cheni gani inakata sawasawa kama rula. Walinikalisha juani, mikono kichwani, mpaka Baba alipotoka kazi yake ya kiwandani na kadi ya kampani. Baba aliapa ni cheni. Baba ni mzee wa kanisa. Aliapa.

Meno-Wazi ameniachilia. Amesema sura yangu ameiweka kichwani. Nikipita tena, cheni hataikubali.

Njiani Baba alisukuma baiskeli ya mteja mwenyewe. Minye nilifuata nyuma.

Jumapili, 16 Julai

Sikucheza. Nimesema tumbo.

Hamu imerudi. Ile ya zamani. Nimekaa nayo jikoni kama mgeni asiyeondoka. Nimefua sweta ambayo haikuwa chafu. Nimeifua mara mbili.

Sikufanya. Naandika kwa herufi kubwa: SIKUFANYA.

Jumatano, 19 Julai

Nimempata muntu wa kunisaidia, na ni mwanamke mwenye miaka sabini anayenuka ugoro.

Ba Mama Ngosa, nyuma ya soko la Kikula. Anawachora wanawake tumboni na mgongoni, kwa sindano na masizi ya taa. Wazungu wanasema tatouage. Yeye anasema maua. Nilifikiri: afunike kila kitu, mkono uwe mweusi kama sufuria, Meno-Wazi asome hapo.

Wateja wake walinicheka kwanza. Mmoja akauliza kama nimekuja kujipamba nipate bwana. Nimemwambia bwana ninayemtaka ni wake, amekula deni la baiskeli.

Ba Mama amewatoa wote nje. Amepandisha sweta mwenyewe. Ametazama muda mrefu, akapitisha kidole gumba.

"Nani alikufa?"

Hakuuliza nani alikata. Nimemwambia. Pasa.

Kisha amekataa kufunika. Masizi hayashiki vizuri juu ya kovu, amesema, yanateleza, yanageuka uchafu. Anaweza kuchora katikati tu, kwenye ngozi nzima. Mistari itabaki. Kila muntu ataiona.

Nimekasirika. Nimeondoka bila kuaga. Nimerudi kuaga. Yule si wa kuondokea hivyo.

Ijumaa, 21 Julai

Paskali anajua sasa. Nimemwonyesha nyuma ya duka. Ameutazama mkono, halafu akafanya ujinga wake: eti nichore msalaba wa shaba, ule wa bendera. Askari watanipigia saluti, nitapita barrière kama ministre.

Ni akili, siwezi kukataa. Usiku kucha ningelala salama.

Hapana. Mkono wangu si nguzo ya bendera. Kabwe alikufa kabla hawajaishona hiyo bendera.

Nimejua ninachotaka. Kabwe alikuwa fundi wa kutega kanga. Alikuwa anajua kulala kifudifudi majanini nusu siku, kimya, yeye ambaye mezani alikuwa hanyamazi. Ile mistari ni majani. Majani marefu ya kiangazi. Kilichokosekana ni ndege.

Jumamosi, 22 Julai

Kanga njo ndege wa sindano, amesema Ba Mama. Madoadoa matupu. Ameanza.

Inauma. Mwanaume kama minye, dakika moja ya kwanza nilipiga mluzi. Ya pili nilitaja watakatifu. Ya tatu machozi. Nimejificha uso kwenye bega. Nikamwambia, Ba Mama, acha, nitavunja desturi.

"Desturi gani? Ni sindano inaliza. Wanawake bote banalia hapa. Lia, mutoto."

Akaendelea kudunga. Nikaendelea kulia. Nililia mpaka kamasi. Nililia madoa yote ya kichwa cha kanga na nusu ya shingo. Alipomaliza alichovya kitambaa, akafuta mkono, kisha kwa kitambaa hicho hicho akanifuta uso. Nimetembea Kikula yote na masizi kwenye mashavu, nikijiona mzuri.

Jumamosi, 29 Julai

Kanga wa kwanza amekamilika. Mnene. Nimelalamika, ameniambia kanga mwembamba ni wa maskini.

Nimelia tena. Kidogo. Sindano.

Jumamosi, 5 Agosti

Kanga wa pili. Yuko nyuma ya wa kwanza, kichwa tu na mgongo, mwili uko ndani ya majani. Mkono umevimba, unawasha. Sikuni. Mara ya kwanza katika maisha yangu naulinda mkono huu kama yai.

Jumanne, 15 Agosti

Baba ameona. Nilikuwa naosha gurudumu, nimesahau, mikono imekunjwa. Alisimama na koti lake la misa.

Nilisimama pia. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali, ya wiki tatu. Kwamba alinishika shingo. Kwamba aliapa uongo wa cheni badala ya kuniuliza.

Nikasema moja tu: "Tata, haikuwa cheni."

"Najua."

Alijua. Tangu mvua zile alijua. Nilitaka kumpiga na gurudumu. Alishika kifundo changu, si shingo safari hii, akageuza mkono kwenye mwanga.

"Ule wa mbele njo Kabwe?"

Ndiyo. Alizaliwa wa kwanza. Hakuacha kunikumbusha.

Baba ameingia ndani akafunga mlango. Nimesikia anakohoa muda mrefu. Mzee huyo hana kikohozi.

Jumapili, 20 Agosti

Nimemkubalia Paskali: asubuhi nimevaa maillot ya njano, ya wa mbele. Sweta imebaki kwenye kamba. Tulikuwa tunaimba juu ya lori, minye sauti ya juu, maana nilijua tutapita wapi.

Barrière. Meno-Wazi. Naye sura ameiweka kweli, aliniona kabla lori halijasimama.

"Weye. Wa cheni. Shuka."

Nimeshuka. Timu nzima juu, inatazama. Paskali alianza kuruka, nikamwambia baki. Askari ameshika mkono wangu, akatema mate kwenye kidole, akasugua kanga. Kanga hakutoka. Akauliza tena mistari imetoka wapi, na nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni, mzuri, wa kuaminika.

Nikasema, na sikupunguza sauti:

"Ile mistari minye njo nilijikata. Pasa yangu alikufa, bakanikataza kulia. Nilijikata mwaka mzima na zaidi. Niliacha. Sasa ni kanga. Unataka kuniua, uniue kwa ile ya kweli."

Juu ya lori wote waliinama kuutazama mkono. Hata dereva, nadhani.

Meno-Wazi alinitazama kama muntu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenyewe. Akaachilia mkono. Akamwambia mwenzake kwamba yule wa porini angesema simba, angesema dawa ya babu, angesema chochote. Aibu namna ile hakuna muntu anaweza kujitungia.

"Panda, mujinga. Baende mbele."

Nimepanda. Tumevuka daraja. Kisha gardien wetu mpya, katoto ka miaka kumi na saba kenye masikio makubwa, akauliza kama inauma. Nimemwambia ipi. Akafikiri. "Zote mbili." Nimemwambia zote mbili zinauma, ila moja tu inamalizika na ndege.

Tumefungwa mbili kwa moja. Ile moja ni yangu. Mguu wa kushoto, kona ya juu, kipa wao alibaki anaangalia kama anasoma tangazo. Watu wa Shituru wamenipigia kelele mechi nzima: "Kanga! Kanga! Leta chungu!" Nimewainulia mkono. Wote wameona. Wengine wamecheka. Wacheke. Nilifunga mbele yao.

Baba alikuwa nyuma ya goli. Hakupiga makofi. Alikuwa amevua kofia.

Jumatatu, 21 Agosti

Baiskeli mbili. Kengele moja.

Gardien mpya amekuja kuomba sweta ya mechi. Nimemwambia atafute yake.

Nimeivaa mwenyewe asubuhi hii. Kulikuwa na baridi. Hakuna sababu nyingine.

Saa nne jua limetoka, nimeivua.